Kompyuta Iliyongoja Kuagwa

Nchi yetu ipo. Ukiitafuta kwenye ramani utakuta kidole chako kimeifunika, na ukiondoa kidole utakuta wino umechujuka hapohapo, lakini ipo, na sisi tunaoishi ndani yake hatuna malalamiko. Malalamiko yalikuwapo zamani. Yalipelekwa katika ofisi ya malalamiko, ofisi hiyo ikageuzwa ukumbi wa harusi, na harusi zake husifiwa sana.

Mimi ni mtathmini wa daraja la chini katika Idara ya Thamani. Kazi yetu ni kumwambia mwananchi kama kitu kinastahili bei yake, ili asisumbuke kufikiri akiwa dukani. Chuoni nilifundishwa kwamba huwezi kujua thamani ya kitu mpaka ukitumie. Nilipoajiriwa nikaelezwa kuwa hiyo ni nadharia. Katika Idara yetu kitu hutathminiwa kikiwa ndani ya boksi lake, na sababu ni nzuri: kikishafunguliwa si kipya tena, na mwananchi ananunua kipya, sasa utamwambiaje habari za kipya kwa kutazama kilichokwisha kuguswa? Kwa hiyo Paneli ya Thamani huketi kulizunguka boksi, hulitazama, mmoja hulitikisa kidogo, kisha hupiga kura. Kwa njia hii tumepasisha miavuli wakati wa kiangazi, viatu vya mguu mmoja, na pasi ambazo baadaye zilionekana kuwa mawe ya mizani. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ya ule ukumbi wa harusi.

Nieleze pia kuhusu likizo, maana bila likizo kisa hiki hakieleweki.

Kwetu hakuna watu waliopotea. Nchi nyingine wanao, tunasikia redioni, tunawahurumia. Sisi tuna watu walio likizo. Nilipokuwa shule ya msingi, Mlezi Mkuu wa nchi yetu aligundua kwamba taifa lina kumbukumbu nyingi kupita kiasi na kwamba ndizo zinazotuchelewesha, akaifunga Wizara ya Kumbukumbu na Mihuri. Wafanyakazi wake waliitwa uani asubuhi moja wapigwe picha ya pamoja. Tangu picha hiyo wako likizo. Ni likizo yenye malipo, ila malipo hayajafika. Kila mwaka ofisa mmoja mpole hupita nyumba kwa nyumba kuwaambia wake na watoto kwamba likizo imeongezwa, na kuwapongeza.

Baba yangu, Bwana Tindwa, yumo katika likizo hiyo. Ofisa akija, Mama humpa chai. Akiondoka, Mama huosha kikombe chake peke yake, mbali na vyombo vingine.

*

Siku Tulizo ilipozinduliwa, Mkurugenzi wetu alivaa suti yake ya kuzindulia. Jina lake kamili ni Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Kibwana Lukindo. Uhandisi ni wa heshima, udaktari ni wa heshima, na uprofesa aliupata siku alipoketi karibu na mtu aliyekuwa akiugawa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Zama za meza tupu zimekwisha! Mababu zetu walikuwa na meza, lakini juu yake palikuwa na nini? Sahani! Leo Taifa linakupa meza yenye kompyuta, kwa bei ya magunia mawili ya mkaa!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu mkaa ulikuwa umepanda.

Tulizo ilikuwa kompyuta ya mezani: boksi la chuma, kioo, kibodi na kipanya chenye mkia. Ghala zima lilikuwa limejaa. Kuhusu zilikotoka, tangazo lilisema zimetoka "katika akiba ya Taifa," na kwamba rangi yake ni mpya. Rangi ilikuwa mpya kweli. Ukiigusa ilibaki kidoleni.

Paneli ingeipasisha siku hiyohiyo ndani ya boksi kama desturi, lakini Mlezi Mkuu alikuwa amewahi kusema, katikati ya hotuba kuhusu kilimo, kwamba kitu cha nyumbani kijaribiwe nyumbani. Huenda alikuwa anawaza mbegu. Hata hivyo kwetu maneno yake huwa sheria kabla hajafunga mdomo. Wajumbe wa Paneli wakatazamana. Sheria ya Viongozi inasema kiongozi hana nyumba, ana makazi.

Profesa Lukindo akageuka hadi akaniona nyuma ya mlango, mahali ninapopenda kusimama.

"Siwema. Wewe una nyumba?"

"Tuna vyumba viwili, mheshimiwa. Mimi na mama yangu."

"Vinavuja?"

"Kidogo."

"Basi ni nyumba," akasema. "Mpakieni."

*

Mama alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule nilipoiweka Tulizo juu ya meza ya kulia na kutafuta mahali pa kuchomeka waya.

"Itakula umeme hiyo," alisema bila kuinua macho.

"Ndicho ninachotakiwa kukijua, Mama."

"Si ungeniuliza mimi? Inakula."

Nilibonyeza. Feni ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Kioo kikawa buluu, na kwenye kona ikatokea tarehe. Nilidhani saa yake imeharibika. Kisha niliisoma tena: ilikuwa tarehe ya ile picha ya pamoja, siku ambayo kila mwaka Mama hashoni.

"Shikamoo," ilisema spika.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, anahema kidogo, kama aliyepanda ngazi mbiombio.

"Marahaba," ilijibu sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti ya mtu aliyekwisha kula akashiba. "Taja jina na meza."

"Athumani Mbelwa, meza ya mihuri mikavu."

"Umefika. Kazi njema."

Cherehani ikasimama.

"Siwema," Mama aliniita taratibu. "Nani huyo ameingia?"

"Hakuna aliyeingia, Mama. Ni mashine."

"Ni Mbelwa." Alikuwa ameinuka. "Huyu alikula pilau hapa siku ya Idi, akalala palepale kwenye mkeka, baba yako akamfunika gazeti. Hii mashine ni ya Wizara."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia utotoni na kulidhania kuwa mzaha wa Baba. Wizara ilikuwa na waraka kwamba kompyuta ni mali ya Dola, na Dola ni mkubwa kwa umri kuliko mfanyakazi yeyote, kwa hiyo mfanyakazi akifika aiamkie kompyuta yake, na jioni aiage. Huo ndio uliokuwa uthibitisho wa mahudhurio. Ukishaiamkia, inasikia kila kitu mpaka uage. Ukiaga, inafunga siku na kufuta yote iliyoyasikia, ili ipate nafasi ya kesho. Aliyewahi kuondoka, labda ana msiba au mtoto mgonjwa, alimwomba mwenzake amwagie, yaani aage kwa niaba yake.

"Na asipoaga mtu?"

"Siku haifungwi. Baba yako alisahau mara moja. Alifika hapa, akavua viatu, akakumbuka, akavivaa tena. Nikamwambia, wewe Tindwa, unarudi mjini kwenda kuliaga boksi? Akasema, linanisubiri."

Spika ilikuwa imeanza kutoa sauti nyingine. Viti vilivutwa. Vijiko viligonga vikombe. Ilikuwa sauti ya ukumbi mkubwa wenye watu wengi wasiotaka kuanza kazi.

"Nani kamaliza sukari?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Muulize Mbelwa."

"Mimi nina kisukari, jamani!"

"Sasa ulikipata wapi kama si humo kwenye kopo?"

Wakacheka wote. Halafu mtu akaita, "Tindwa! Leo na tai? Unaoa?"

Na kutoka mbali, upande wa pili wa ukumbi, ikaja sauti ambayo nilikuwa nimesahau kwamba naijua.

"Mke wangu kanifunga. Eti picha lazima ikae vizuri. Hata kumeza mate nashindwa."

Mikono ya Mama ilikuwa imeinuka hewani, usawa wa koo la mtu mrefu kuliko yeye. Vidole vilizunguka, vikapitisha kitu ambacho hakikuwapo, vikavuta kidogo. Kisha akaishusha.

"Wafanyakazi wote, uani, kwa picha ya pamoja," kilisema kipaza sauti cha jengo. "Acheni mashine zenu wazi. Mtarudi sasa hivi."

Viti tena. Nyayo. Mtu alisema, "Njooni basi, jua litatuchoma." Mlango ukafungwa, na ukumbi ukabaki mtupu. Tulisikia feni tu, na sikujua kama ni feni ya leo au ya siku ile.

Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani. Ndipo ile sauti ya mwanamke ikasema kwa upole:

"Mbelwa. Bado hujaaga. Upo?"

Mama akanivuta mbali na kioo, tukawa kama watu waliojificha.

"Upo?"

*

Nichomoe waya, bure. Wizara ilijua nchi yetu hukatika umeme kwa ratiba na pia nje ya ratiba, ikatia ndani betri isiyochoka: waya ukitoka mashine inasinzia tu, siku haifutiki. Nikichomeka tena, siku inaanza upya: Mbelwa anahema, sukari imekwisha, baba yangu anashindwa kumeza mate, wanatoka. Kisha "Upo?" Na baada ya muda, "Upo?"

Nilikaa nikaitathmini kama nilivyofundishwa chuoni. Kasi ni ndogo. Ukifungua ukurasa wa kuandikia unaweza kwenda kuchuja tui ukarudi. Kibodi imefutika herufi zote isipokuwa zile ambazo hakuna anayezitumia. Kioo kina doa la chai. Kipanya kinaenda kushoto kikitaka. Feni ina kelele. Kuzima: haizimiki.

Bi Kidawa, jirani yetu, alikuja kuazima kibatari akaikuta ikisema. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Mwanawe Zuberi alikuwa ameajiriwa katika Wizara, meza ya bahasha, muda mfupi tu kabla ya picha.

"Simsikii Zuberi," alisema.

"Alikuwa chumba cha chini, mama Zuberi," alijibu Mama. "Hao ni wa juu."

"Na mashine yake iko wapi?"

"Ghalani, Bi Kidawa," nikasema. "Pamoja na nyingine zote."

"Zinauzwa?"

"Nikizipasisha."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumtazama mtathmini wa daraja la chini.

"Sasa, mwanangu, unangoja nini?"

*

"Umeionaje Tulizo?" aliuliza Profesa Lukindo, miguu juu ya meza.

"Nzuri, mheshimiwa. Ina feni."

"Feni! Vizuri sana. Andika feni."

"Lakini haizimiki."

Akashusha miguu. "Umejuaje?"

"Niliiwasha."

Aliinuka, akafunga mlango, kisha dirisha, kisha droo ya meza.

"Siwema. Nani alikutuma uiwashe?"

"Mlisema niitathmini."

"Nilisema uitathmini. Sikusema uiguse!" Akajifuta jasho. "Unajua sheria. Kifaa kisichozimika ni mnyonyaji wa umeme wa Taifa. Kinayeyushwa, chenyewe na ndugu zake wote. Na Mchongaji Mkuu ananifuata kila siku hapa anataka chuma. Sanamu ya Mlezi Mkuu imefika kiunoni, chuma kikaisha. Kwa sasa ni suruali. Suruali imesimama bustanini, wageni wanaipiga picha!"

"Ghala lote litayeyushwa, mheshimiwa?"

"Lote. Ila ikizimika, tunauza." Alinisogelea, akapunguza sauti. "Wewe ulisikia feni tu, sivyo?"

"Nilisikia feni."

"Na hiyo feni... inasemaje?"

Mimi si mwepesi wa maneno.

"Inasema shikamoo," nikamwambia.

Akakaa. Aliitazama ile droo aliyoifunga.

"Kaka yangu alikuwa mtu wa kuchelewa," alisema, kana kwamba anaiambia droo. "Kila siku kachelewa. Hata shuleni. Huwa najiambia pengine na siku ile alichelewa." Kisha akakohoa, na Profesa akarudi usoni mwake. "Jumatatu! Mbele ya Paneli! Itazimwa hadharani au itayeyushwa hadharani! Toka, na ufungue hilo dirisha, kuna joto."

*

"Nitaiaga mimi," nilimwambia Mama jioni ile. "Nikimwagia Mbelwa, itazimika, nazo nyingine zitauzwa."

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Lakini itafuta, Mama. Sauti ya Baba itafutika."

"Kwenye hii. Ana yake."

"Hatujui iko wapi. Pengine ilishaharibika. Pengine haimo hata ghalani."

"Ikiyeyushwa ndiyo haitakuwamo." Uzi ukapita. "Na wewe huagi. Sauti yako haifiki hata jikoni. Nitaaga mimi."

Siku zilizobaki hakushona. Aliketi mbele ya Tulizo, mikono mapajani, kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa mbali ambaye basi lake linaondoka Jumatatu. Kila Baba alipofika kwenye tai, Mama alimjibu, bila kupaza sauti:

"Ilikuwa imekaa vizuri."

*

Paneli iliketi ukumbini chini ya picha ya Mlezi Mkuu. Mwenyekiti alikuwa balozi mstaafu wa nchi ambayo haikuwahi kumpokea. Nyuma kabisa aliketi Mchongaji Mkuu na kamba yake ya kupimia, akilitazama boksi la Tulizo na kunong'ona, "Goti. Hilo ni goti zuri."

"Huyu mama ni nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ni mtumiaji wa nyumbani, mheshimiwa," nikasema.

"Sema kwa sauti!"

"Ni mtumiaji wa nyumbani," Mama alisema kwa niaba yangu, na vioo vya madirisha vikasikia.

Nikaiwasha. Shikamoo. Marahaba. Mwenyekiti, aliyekuwa amefungua mdomo ili atoe hotuba, akauacha wazi. Vijiko vikagonga vikombe. Nani kamaliza sukari?

"Ni... ni kelele gani hizo?" aliuliza.

"Feni, mheshimiwa."

"Feni," alikubali haraka. "Nilidhani hivyo."

"Feni ya namna hii niliwahi kuisikia," alisema mjumbe wa kushoto, akavua miwani na kuifuta, na alipokwisha kuifuta akaendelea kuifuta.

Ukumbi wa mle ndani ukacheka, na katika ukumbi wetu hakuna aliyethubutu kuhema. Tindwa, leo na tai? Mama alikuwa amesimama wima. Baba akasema yale anayoyasema. Safari hii Mama hakumjibu, alitega tu sikio, akiinamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza kama wali umeiva.

Kipaza sauti kilipowaita wafanyakazi wote uani, mjumbe mmoja mzee wa Paneli aliinuka nusu kitini, akashika meza, akakaa tena. Njooni basi, jua litatuchoma. Mlango. Kisha feni peke yake, na Profesa Lukindo akitazama dari.

Mchongaji Mkuu peke yake ndiye aliyepata ujasiri. "Waheshimiwa, mnaona wenyewe, haizimiki! Mimi nasema iyeyushwe!"

"Subiri," alisema Mama.

"Tusubiri nini?"

"Subiri, baba. Haijaniuliza."

Na hakuna aliyejua kwa nini, lakini Paneli ya Thamani, ambayo haijawahi kumsubiri mtu, ilisubiri. Chai ililetwa ikapoa. Ndipo ile sauti ikasema:

"Mbelwa. Bado hujaaga. Upo?"

Mama alikaza kanga yake. "Mbelwa hayupo. Namwagia mimi."

"Taja jina."

"Mke wa Tindwa."

Feni ilikoroma kidogo. Nadhani ilikuwa inatafuta.

"Haya, mke wa Tindwa."

"Kwaheri," alisema Mama. "Kwaheri ya kuonana."

"Nendeni salama," ilisema mashine. "Siku imefungwa."

Kioo kikawa cheusi. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tulisikia kwamba ukumbi ule una saa ya ukutani.

"Imezimika," alisema Mwenyekiti, na ilibidi arudie. "Imezimika. Kwa kauli moja!"

Mchongaji Mkuu akakunja kamba yake. Mama akaketi, akanishika mkono.

Tathmini yangu ilibandikwa kwenye mbao za matangazo nchi nzima, na naamini kila neno lake ni kweli. Niliandika: Tulizo ni ya polepole, ina kelele, na kibodi yake haisomeki. Mwenye kazi ya ofisi asiinunue. Kwa matumizi ya nyumbani, bei yake ni ndogo kuliko thamani yake.

*

Ghala lilikwisha kabla wauzaji hawajanywa chai yao. Hakuna mnunuzi aliyeuliza kasi wala ukubwa wa diski. Wanawake walizibeba zimefungwa kwenye kanga, wakizishika chini kwa kiganja, kama anavyobebwa mtoto aliyelala.

Halafu ukaanza msako. Madirisha yalifunguliwa mtaa hadi mtaa. "Kwangu kuna Salima wa meza ya ramani! Nani ana Salima?" "Mjomba wake yupo Kisimani, mwiteni!" "Mimi nimepata mzee anayeimbia puani, mtoeni jamani, ananiliza na simjui!" Watu walibadilishana mashine barabarani bila kudaiana kitu. Bi Kidawa alibadilisha hadi akachoka, kisha akaitiwa kwa kinyozi mmoja. Alifika pale, mashine ikawashwa, na kijana mwenye sauti ya mtu aliyeajiriwa juzi akasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," Bi Kidawa aliiwahi mashine. "Marahaba."

Sisi tuliyouziwa ilikuwa ya mwanamke aitwaye Rehani, meza ya bahari. Watu wake walikuja kutoka mbali, tukawapa. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiombwa aingie asikilize. Alirudi, akavua viatu, akasema, "Si huyo."

Serikali ilifurahi. Gazeti liliandika kwamba wananchi wameipenda teknolojia hata hawataki kuzima kompyuta zao, na kwamba huo ni ushahidi wa uchapakazi. Mlezi Mkuu alitushukuru redioni. Suruali yake bado iko bustanini.

Lipo jambo moja tu lililowatia wasiwasi wakubwa. Watu wameacha kuagana. Mgeni akitaka kuondoka anainuka, anakugusa bega, anavaa viatu, anatoka. Watoto wakienda shule wanapunga mkono mlangoni, midomo wamefunga. Hata kwenye simu tunakata tu. Wizara ya Adabu imeandaa Wiki ya Kuagana, yenye ngoma na fulana. Tulihudhuria wote, tukavaa fulana, tukaagana kwa sauti pale uwanjani, kisha tukarudi majumbani mwetu tukanyamaza.

*

Alasiri moja mtu alipiga hodi. Alikuwa Profesa Lukindo, peke yake, bila dereva, shati limelowa jasho, kabeba boksi la Tulizo kifuani.

"Hii ni mbovu," alisema, akiitua juu ya meza yetu ya kulia. "Haizimiki. Nimeileta mwitathmini upya. Haina haraka. Hata miaka."

"Umeipata wapi, mheshimiwa?" nikauliza.

"Nilinunua kadhaa. Kwa utafiti." Aliangalia ukuta. "Nilikuwa namtafuta mtu, nikampata mwingine."

Mama akamwekea chai. Aliinywa yote, akinyonya mpaka sukari ya chini.

"Na kaka yako?" aliuliza Mama, ambaye nilimweleza habari za ile droo.

Profesa Daktari Mhandisi alizungusha kikombe kitupu mikononi.

"Hakuchelewa," alisema.

Kisha akainuka. Alifungua mdomo kama mtu mwenye hotuba, akaitazama ile mashine, akaufunga. Alimwinamia Mama kichwa, akatoka, na tukamsikia nje akiurudisha mlango taratibu. Mama alichukua kikombe chake akakiosha pamoja na vyetu.

Ndipo nikaiwasha.

"Shikamoo."

"Marahaba. Taja jina na meza."

"Tindwa, meza ya wino."

"Umefika. Kazi njema."

Safari hii alikuwa karibu, karibu kama mtu aliyeketi mezani petu. Tulisikia kiti kikimpokea. Tulisikia wakimtania, naye akiwajibu kwa sauti ya kuchekesha watu kwamba anashindwa kumeza mate. Wakacheka, wakageukia mambo mengine, na hapo ikasikika sauti ya kitambaa, kidole kinapita chini ya fundo. Halafu yeye mwenyewe, polepole, maneno ambayo mashine ya Mbelwa isingeweza kuyasikia kutoka upande ule wa ukumbi:

"Lakini imekaa vizuri."

Mama alirudi kwenye cherehani. Alivuta sare moja ya shule, akaigeuza upindo. Nje watoto walikuwa wanarudi, hawaagani. Ndani ya mashine wafanyakazi waliitwa uani, viti vikavutwa, mlango ukafungwa, na tukaendelea na kazi zetu, yeye na mshono wake, mimi na kuchambua mchele, mpaka jua likaondoka dirishani.

"Tindwa. Bado hujaaga. Upo?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Yupo," alisema, akaendelea kushona.